Maziwe, Amboni na nyuki wa Tanga: ya kweli na ya kusimuliwa

Mkuu, umeuliza mambo matatu kabla hujashuka Tanga na Pangani: ni kweli kisiwa cha Maziwe huzama, pango la Amboni linatokea Mombasa, na Wajerumani walifuga nyuki wa vita? Naanza na Maziwe, maana ndiko watu hupoteza nauli bure.

Maziwe ni fungu la mchanga lenye matumbawe pembeni, kusini-mashariki ya mdomo wa mto Pangani. Linazama kweli, wala si uchawi. Zamani lilikuwa na mivinje. Bahari ikala mchanga, miti ikaanguka mmoja mmoja, na kufika mwanzoni mwa miaka ya 1980 haukubaki hata mmoja. Wenyeji wengi husema kilichoanza ni kukatwa kwa miti iliyoushika mchanga. Tangu hapo bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ikijaa, fungu lote hufunikwa.

Kwa hiyo kabla ya kupanga safari, uliza mwezi uko wapi. Ukiandama au ukiwa mpevu, siku hizo na mbili zinazofuata ni bamvua: pwani hii maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kama saa nne. Kila siku inayofuata ongeza dakika 50 hivi. Siku ya bamvua ng'oa nanga Ushongo, ufukwe ulio kusini ya Pangani, saa mbili na nusu asubuhi, na saa saba uwe umesharudi chomboni. Wakati wa maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, saa hizo hugeuka, saa nne ndipo yanapojaa, ingawa hayapandi sana. Upepo wa kusi ukikaza, Juni hadi Agosti, nahodha akikataa kutoka usimbembeleze. Beba maji ya kunywa, kitu cha kujifunika jua na viatu vya kukanyagia matumbawe, kwani kule hakuna kivuli hata cha kuku.

Kasa bado hupanda Maziwe kutaga, lakini shimo likiachwa palepale maji huliingia na mayai huoza. Ndiyo maana huhamishiwa bara, upande wa Ushongo. Yai hubebwa ndani ya saa chache tu tangu litagwe, na sehemu iliyokuwa juu hubaki juu, kwa sababu kiinitete, yaani mtoto anayeanza kuumbika, hujishikiza upande wa juu wa ganda, ukiligeuza, kinakufa. Baada ya takriban miezi miwili vitoto hutoka. Ukialikwa kuvitazama vikienda baharini, zima tochi na taa ya kamera, maana vitoto hufuata mwanga. Na tafadhali usifukue mchanga kutafuta mayai, hata kama anayekuongoza amekuruhusu.

Amboni iko kilomita 8 hivi kaskazini ya mji wa Tanga, njia ya Mombasa. Habari za kutokea Mombasa, au Kilimanjaro, ni simulizi. Vipimo vya 1994 vilikuta mapango 10 yaliyotengana, na refu kuliko yote lina mita 900 hivi. Ni mawe ya chokaa yaliyoliwa na maji. Nenda na tochi mbili na uvae viatu vyenye meno, kandambili zitakuangusha. Humo ndani utakuta mahali pa mzimu penye sadaka za watu, usiziguse.

Nyuki walikuwepo, ila hawakufugwa kwa vita. Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Uingereza, wengi wao askari kutoka India, lilishuka Tanga likiwa na watu wapatao 8,000 dhidi ya elfu moja hivi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Risasi zikaitibua mizinga ya nyuki iliyokuwa mitini, nyuki wakauma pande zote mbili. Waingereza walishindwa hasa kwa kuchelewa kushuka, Wajerumani wakapata muda wa kuleta askari kwa reli.

Ukielekea Pangani, shukia Tongoni. Tongo ni mahame, yaani mahali palipohamwa, na mahame yenyewe ndiyo hayo: msikiti uliobomoka na makaburi kama 40, mengine yana nguzo. Sogea karibu utazame vishimo vya duara vilivyochongwa humo, ndimo bakuli za kauri zilimopachikwa. Kwenye mafungu ya hapo jirani, Januari 1499, Vasco da Gama alichoma jahazi lake São Rafael kwa sababu mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuliendesha. Nenda maji yakipwa, utayaona mafungu hayo yakiwa wazi.