Maswali ya Wasomaji: Chapecoense ilifikaje fainali ya Amerika Kusini?

SWALI: Ndugu Mhariri, kila ifikapo mwisho wa Novemba magazeti hutukumbusha klabu ya Brazil ambayo wachezaji wake walifariki katika ajali ya ndege wakienda kucheza fainali. Habari hizo hueleza ajali na huishia hapo. Ningependa kujua klabu yenyewe ilitoka wapi, na iliwezaje kufika fainali ya bara zima ilhali inatoka katika mji ambao wengi wetu hatukuwahi kuusikia. — Msomaji, Tanga.

JIBU: Klabu unayoiulizia ni Chapecoense, ya mji wa Chapecó, ambao uko magharibi mwa jimbo la Santa Catarina, zaidi ya kilomita 500 kutoka pwani ulipo mji mkuu wa jimbo hilo, Florianópolis. Wakati wa ajali mji huo ulikuwa na wakazi wapatao 200,000, idadi ambayo kwa vipimo vya Brazil ni ndogo, na uchumi wake unategemea ufugaji na machinjio makubwa ya kuku na nguruwe. Klabu iliundwa tarehe 10 Mei 1973, baada ya timu mbili za mji huo, Atlético Chapecoense na Independente, kuunganishwa kuwa moja. Uwanja wake, unaoitwa Arena Condá kwa heshima ya kiongozi wa wenyeji wa asili wa jamii ya Kaingang, ni mali ya manispaa na si ya klabu.

Ili kuielewa safari yake, ni lazima kwanza kuelewa kwamba nchini Brazil kila jimbo lina mashindano yake, yanayochezwa mwanzoni mwa mwaka kabla ligi ya taifa haijaanza, na klabu nyingi za miji midogo huishi kwa mashindano hayo tu. Chapecoense ilitwaa ubingwa wa Santa Catarina mwaka 1977, miaka minne tu baada ya kuzaliwa, kisha mwaka 1978 na 1979 ikashiriki mashindano ya taifa. Ushiriki huo usitafsiriwe kuwa ni ukubwa. Enzi hizo utawala wa kijeshi uliyatanua mashindano ili kila eneo lione timu yake ikicheza kitaifa, hata mwaka 1979 zikashiriki timu 94, na Chapecoense ilikuwa karibu na mkia. Baada ya hapo ilirudi katika maisha ya jimboni, ikapata ubingwa wa pili mwaka 1996, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikazama katika madeni kiasi cha kukaribia kufunga milango.

Kilichoiokoa hakikuwa tajiri kutoka nje. Wafanyabiashara wa mji huohuo waliingia katika uongozi wakiwa na kanuni ambayo klabu nyingi kubwa za Brazil hazikuwa nayo, yaani kutomwahidi mchezaji mshahara ambao klabu haiwezi kuulipa, na kuulipa ule ulioahidiwa kwa wakati wake. Ubingwa wa jimbo ulipatikana tena mwaka 2007. Mwaka 2009 shirikisho lilipoanzisha Daraja la Nne, Chapecoense ilikuwemo, ikamaliza ya tatu na kupanda. Ilikaa Daraja la Tatu hadi mwaka 2012 ilipopanda tena, na mwaka 2013 ikamaliza Daraja la Pili ikiwa nafasi ya pili nyuma ya Palmeiras, ambayo ni klabu kongwe iliyokuwa imeteremka. Msimu huo mshambuliaji wake, Bruno Rangel, alifunga mabao 31. Kwa hiyo mwaka 2014 timu iliyokuwa Daraja la Nne miaka mitano tu kabla yake ilikuwa ikicheza Ligi Kuu, na kipa wake Nivaldo, aliyejiunga nayo mwaka 2006, alikuwa amecheza katika madaraja yote manne akiwa na jezi ileile ya kijani.

Wengi walitarajia iteremke mara moja. Haikuteremka, bali Oktoba mwaka huohuo iliifunga Internacional mabao 5-0, na mwaka uliofuata ikaichapa Palmeiras 5-1. Mwaka 2015 ilicheza Copa Sudamericana, ambalo ni kombe la pili kwa hadhi katika bara hilo, ikatolewa robo fainali na River Plate ya Argentina baada ya kuishinda 2-1 katika mechi ya marudiano huko Chapecó. Mwaka 2016 iliwatoa Waajentina wengine, Independiente, kwa mikwaju ya penalti ambayo kipa Danilo aliokoa minne, kisha Junior ya Colombia, na katika nusu fainali San Lorenzo, kwa sare ya 1-1 kule Buenos Aires na 0-0 nyumbani. Katika dakika za nyongeza za mechi hiyo ya pili Danilo aliuzuia kwa mguu mpira uliopigwa kutoka hatua chache mbele yake. Nayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu huruma iliyokuja baadaye, ingawa ilistahili, imewafanya watu wengi waifikirie fainali hiyo kama bahati, na haikuwa bahati.

SWALI: Nimesoma kwamba Chapecoense ilipewa kombe bila kucheza. Je, ni kweli, na nani aliyeamua? — Msomaji, Mombasa.

JIBU: Ni kweli. Mechi ya kwanza ya fainali ilipangwa kuchezwa tarehe 30 Novemba 2016 mjini Medellín dhidi ya Atlético Nacional ya Colombia, na ya marudiano ingechezwa Curitiba, si Chapecó, kwa kuwa kanuni zilitaka uwanja wa fainali uwe na nafasi za watu 40,000, na Arena Condá ina takribani nusu ya hizo. Baada ya ajali, Atlético Nacional wenyewe waliliomba shirikisho la bara, CONMEBOL, liwatangaze wapinzani wao kuwa mabingwa, na tarehe 5 Desemba shirikisho likakubali, huku Atlético Nacional wakipewa tuzo ya uungwana wa kimchezo. Saa ambayo mechi ingechezwa, mashabiki wa Medellín walikuwa wameujaza uwanja wao kuwaombolezea wageni ambao hawakufika.

SWALI: Ni nini hasa kiliiangusha ndege ile? Kuna wanaosema ni hali ya hewa na wengine wanasema ni umeme. — Msomaji, Bukoba.

JIBU: Iliishiwa mafuta. Klabu ilikuwa imeikodi ndege ya kampuni ya Bolivia iitwayo LaMia, lakini mamlaka ya anga ya Brazil ilikataa ndege hiyo isiwachukue moja kwa moja kutoka Brazil, kwani mikataba ya usafiri wa anga kati ya nchi iliruhusu kampuni za Brazil au Colombia pekee. Timu ikasafiri kwa ndege ya kawaida hadi Santa Cruz, Bolivia, na hapo ikapanda ile ya LaMia. Mpango wa safari uliowasilishwa ulionyesha muda wa kuruka wa saa 4 na dakika 22, na mafuta ya kutosha saa 4 na dakika 22, maana yake hapakuwa na akiba yoyote. Uchunguzi wa Colombia, uliokamilika mwaka 2018, ulithibitisha hivyo. Umeme ulikatika kweli, lakini ni kwa sababu injini zilikuwa zimezimika.

Usiku wa tarehe 28 Novemba ndege iligonga mlima karibu na uwanja wa ndege wa Medellín. Kati ya watu 77 waliokuwemo, 71 walifariki, wakiwemo wachezaji 19, kocha Caio Júnior, rais wa klabu Sandro Pallaoro, na waandishi wa habari 20. Danilo na Bruno Rangel walikuwa miongoni mwao. Wachezaji watatu walinusurika, ambao ni Alan Ruschel, beki Neto, na kipa Jakson Follmann aliyekatwa mguu wa kulia. Nivaldo hakuwa safarini, na hakucheza tena. Kuhusu fidia, familia zilijikuta katika mvutano mrefu na kampuni za bima, zilizodai kwamba bima ya ndege hiyo haikuhusu safari za Colombia, hata Baraza la Seneti la Brazil likaunda kamati ya uchunguzi. Kwa maoni yangu, sehemu hii ndiyo iliyostahili kurudiwa magazetini kila Novemba.

SWALI: Je, klabu hiyo bado ipo? — Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ipo. Klabu nyingine za Brazil zilijitolea kuipa wachezaji kwa mkopo bila malipo, na zikapendekeza isiteremshwe daraja kwa misimu mitatu, ingawa pendekezo hilo la pili halikutekelezwa. Kocha Vágner Mancini aliunda kikosi karibu chote upya, na timu ikatwaa ubingwa wa jimbo mwaka 2017 na kumaliza Ligi Kuu katika nafasi ya nane. Mwaka 2019 iliteremka. Ikapanda kama bingwa wa Daraja la Pili, huku Ruschel akiwa nahodha, kisha mwaka 2021 ikashuka tena kwa aibu, ikiwa na ushindi mmoja tu msimu mzima. Madeni yaliilazimu kuomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwaka 2022. Novemba 2025 ilipanda tena ili icheze Ligi Kuu msimu wa 2026, ikiongozwa na Gilmar Dal Pozzo, kocha yuleyule aliyekuwa nayo ilipopanda mwaka 2012 na 2013.