Miaka 5 na 7: je, rufaa yaweza kuviunganisha vifungo?

SWALI: Asalaam aleikum wakili. Mpwa wangu alishtakiwa kwa kuvunja nyumba usiku hapa Malindi na kumjeruhi vibaya mlinzi. Hakimu alimpa miaka 5 kwa kuvunja na 7 kwa kujeruhi, basi. Tulijua atakaa 7, kumbe gerezani wameandika 12. Leo ni siku ya tisa. Tukikata rufaa, Mahakama Kuu itaviunganisha? Na yaweza kumwongezea? (Mjomba wake, Shela)

JIBU: Waaleikum salaam, mzee wangu. Poleni.

Gereza halikukosea. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 75, chasema mtu akitiwa hatiani kwa makosa kadhaa katika kesi moja, vifungo vyake hufuatana, kimoja kikisha ndipo kingine kianze, ila mahakama iamuru viende pamoja. Hakimu akinyamaza, vinafuatana. Familia nyingi huamini kinyume chake, na naona ni wajibu wa kila hakimu kulitamka jambo hili waziwazi, mshtakiwa na jamaa zake wasikie.

Lakini rufaa yenu ina mashiko. Msimamo wa mahakama zetu ni kwamba makosa yaliyotendeka katika tukio moja huadhibiwa kwa vifungo vya pamoja, isipokuwa pawe na sababu maalumu. Nyumba ni moja, usiku ni mmoja, mlinzi alijeruhiwa katika uvunjaji uleule. Lielezeni hilo kinagaubaga. Lau angevunja nyumba mbili kwa siku mbalimbali, au angewadhuru watu tofauti kwa nyakati tofauti, nisingewapa tumaini hili.

Msiende kulia kwamba 12 ni mingi. Tangu kesi ya Ogolla ya 1954, jaji wa rufaa haigusi adhabu kwa sababu tu yeye angetoa pungufu. Huingilia pale hakimu alipofuata msingi usio sahihi, alipoacha jambo la maana, au adhabu ilipozidi mno kupita kiasi. Kwa hiyo semeni: hakimu hakuzingatia kuwa tukio ni moja. Kama mpwa wako alikaa rumande, ongezeni kwamba kifungu cha 333(2) chataka muda ule uhesabiwe.

Kuongezewa? Ndiyo, kifungu cha 354 champa jaji uwezo huo, nami siwezi kukuficha, hasa mlinzi akiwa ameumia sana. Ila jaji hawezi kumshtukiza. Ni lazima mrufani aonywe mapema, apate nafasi ya kujitetea au kuiondoa rufaa. Akionywa, aketi na wakili kabla ya kujibu lolote.

Hoja zote za adhabu ziingie katika rufaa hii ya kwanza. Ikitoka Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufaa husikiliza hoja za sheria tu, na kifungu cha 361 chahesabu ukali wa adhabu kuwa si jambo la sheria.

Muda ni siku 14 tangu hukumu, nanyi mmebakiwa na chache. Baada ya hapo itabidi muombe ruhusa na kueleza kilichowachelewesha. Mpwa wako anaweza kumkabidhi mkuu wa gereza rufaa yake, naye ataifikisha mahakamani. Nendeni kesho asubuhi.