Fedha za Perkins na chama cha wanafunzi: ombi linakwama wapi?

SWALI: Ninafundisha sayansi ya afya katika sekondari hapa Marekani, na ndimi mlezi wa tawi letu la HOSA, chama cha wanafunzi wanaosomea fani za afya. Wanafunzi wangu wengi wanatoka familia za Kikongo, bado wanajifunza Kiingereza, na wazazi hawamudu safari za mashindano. Mhasibu wa wilaya ya shule amerudisha ombi langu, anasema fedha za Perkins, yaani za serikali kuu kwa elimu ya ufundi, hazilipii klabu. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, Mwalimu. Sheria ya Perkins, kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, inavitaja waziwazi vyama vya wanafunzi kama HOSA. Kifungu cha 135 kinairuhusu wilaya kuvisaidia, na kinataja hata kuwaandaa wanafunzi kwa mashindano ya stadi na kushiriki kwao, mradi mashindano yaendane na mtaala. Kinachoponza maombi mengi ni neno lenyewe "klabu". Kwa tafsiri ya sheria, chama kinachostahili ni kile ambacho shughuli zake ni sehemu ya ufundishaji. Ukiandika "safari ya klabu", umemrahisishia mhasibu kazi ya kukataa. Andika jina la kozi, stadi iliyo kwenye mtaala, kisha shindano linalopima stadi hiyo: mathalani stadi za huduma ya kwanza, na shindano la huduma ya kwanza.

Kabla ya hapo, mwombe mratibu wa elimu ya ufundi akuonyeshe tathmini ya mahitaji, ambayo wilaya hulazimika kuifanya angalau kila baada ya miaka miwili. Matumizi yote lazima yatokane nayo. Kama chama hakimo humo wala kwenye bajeti iliyoidhinishwa na jimbo, risiti zako hazitakusaidia, hata ziwe safi namna gani.

Vifaa vya mazoezi vinavyobaki darasani kwa kawaida hupita: mashine za presha, stethoskopu, mwanasesere wa CPR (mazoezi ya kumwokoa mtu aliyesimama moyo). Nauli ya mlezi na ada ya kumsajili mashindanoni pia. Fulana, medali, ngao na chakula cha sherehe hukataliwa, na vivyo hivyo koti la chama ambalo mwanafunzi ataondoka nalo. Ada ya uanachama ya mwanafunzi mmoja mmoja, pamoja na malazi yake, hutegemea jimbo. Pata jibu la jimbo lako kwa maandishi.

Kwa watoto hawa una mlango mwingine, na ni mpana. Kifungu hichohicho kinaruhusu kuwapunguzia au kuwaondolea gharama za mfukoni, zikiwemo ada na usafiri, wanafunzi wa makundi maalumu. Wanaojifunza Kiingereza wamo, na wa familia zenye kipato kidogo wamo. Usiandike "watoto wa wakimbizi", maana sheria haitaji kundi hilo. Taja kundi kama sheria inavyolitaja, weka idadi, na majina yabaki kwenye kumbukumbu za ofisi ya shule.

Swali moja litaulizwa kwa hakika: mwaka jana nani alilipa? Kama basi lililipiwa na fedha za wilaya yenyewe, ukilihamishia Perkins mwaka huu utahesabiwa umetumia Perkins badala ya fedha za wilaya, jambo lililokatazwa. Omba fedha kwa kilichokuwa hakifanyiki: wanafunzi waliobaki nyumbani, au vifaa visivyokuwepo.

La mwisho ni tarehe, nalo huumiza walezi wengi. Kwa kanuni za fedha za serikali kuu, gharama ya safari huhesabiwa siku safari inapofanyika, si siku tiketi iliponunuliwa. Mkutano wa kimataifa wa HOSA, wanakoshindana waliofuzu majimboni, hufanyika Juni, na wilaya nyingi hufunga hesabu Juni 30. Matokeo ya mashindano ya jimbo hutoka majira ya kuchipua, wakati dirisha la kurekebisha bajeti huenda limeshafungwa. Kwa hiyo weka mstari wa makadirio ya safari hiyo tangu bajeti ya kwanza, hata kabla hujajua nani amefuzu. Wasipofuzu, mratibu ataomba kuzihamishia fedha hizo kwenye vifaa.