Bahari ya Gulwe

Swali lenu la wiki hii: "Kuna mahali pa utotoni ulipowahi kurudi kupatafuta? Ulipakuta?"

Nilipatafuta miaka mingi, karibu yote nikiwa jikoni kwangu Hamburg, simu mkononi.

Kisa ni binti yangu. Ujerumani, mtoto akiweza kuogelea mita 25 na kuzamia pete majini, hupewa kibandiko chenye picha ya farasi bahari, Seepferdchen, kinashonwa kwenye nguo ya kuogelea. Wangu alikipata akiwa na miaka sita, akaniuliza, "Baba, wewe ulifundishwa na nani?" Nikamwambia sikufundishwa, nilisukumwa. Wapi? Baharini. Ikabidi nieleze kwamba Bahari yenyewe iko Wilaya ya Mpwapwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 baba yangu alikuwa nyapara wa gengi la reli pale Gulwe. Kulikuwa na korongo linaloshuka kutoka milimani, likapita chini ya daraja la Reli ya Kati na kumwaga maji yake mto Kinyasungwe. Masika yalichimba shimo pale chini ya daraja, na sisi watoto wa kota tukaliita Bahari. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameiona ya kweli. Tuliruka kutoka kwenye ukuta wa mawe, lakini kwanza mmoja alilaza sikio kwenye chuma. Reli ikivuma, kiberenge cha baba kinakuja, tunatawanyika vichakani na nguo makwapani.

Fimbo ya mama ilikuwa na sababu nyingine. Gulwe jua linaweza kuwa linawaka, huku wingu limekalia milima ya Mpwapwa. Kufumba na kufumbua korongo linashuka na tope na magogo. Alituchapa kwa kutotazama milima, na alikuwa na haki. Kichocho hakuna aliyekitaja, ingawa leo nikikumbuka rangi ya yale maji nasisimkwa mwili.

Basi, picha za setilaiti. Nilifuata reli kidole kwa kidole, Kilosa, Kidete, Godegode, Gulwe, nikirudi, nikisogeza. Mchanga mweupe tu. Nikampigia dada yangu Morogoro nimuulize ni daraja lipi. "Bahari gani?" akasema. "Yale maji yalikufika kifuani, na ulikuwa kijitu hivi." Kwa binti yangu nilikuwa nimeshasema yanazamisha watu wawili wakisimamiana mabegani. Sikusahihisha.

Agosti 2023 nikaenda mwenyewe. Basi kutoka Dodoma, kukata Mbande, Kongwa, hadi Mpwapwa, kisha bodaboda. Kijiweni nikaulizia Bahari. "Bahari iko Dar, mzee," wakanijibu, wakacheka. (Mzee! Haya.) Nikaelekezwa kwa mstaafu mmoja wa reli aliyekuwa amekaa kivulini. Nilimwamkia "Mbukwenyi", Kigogo changu kikaishia hapo. Alinitazama, akauliza mimi mtoto wa nani. Nilipomtaja baba akainuka, akachukua fimbo yake. Tukaandamana kando ya mataruma.

Daraja lilelile, mawe yaleyale. Ila kupita chini yake ilibidi niiname. Mchanga umepanda, umekaribia kuziba. Mzee akasema milima imenyolewa, kila masika inashusha udongo wake huku. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, yale yaliyong'oa reli kati ya Kilosa na Gulwe, niliyasoma Hamburg kama habari ya treni kusimama. Haikunijia kabisa kwamba mchanga ule unakwenda kulala mahali fulani.

Akachoma fimbo chini. "Ndiyo hapa. Iko huko ndani." Halafu akaniangalia kwa huruma: "Lakini na wewe mwanangu, umekuja Agosti. Hata enzi za baba yako, Agosti palikuwa na maji hapa?"

Hapakuwa na maji. Nilisimama pale nikihesabu: labda miezi minne ya mwaka, na mwaka mbaya hata miwili haifiki. Muda uliobaki tulicheza mpira wa makaratasi humohumo, juu ya mchanga, nami nilikuwa nimeufuta wote kichwani nikabakiza maji. Zile picha za setilaiti nilizozilaumu zilikuwa zinanionyesha Bahari yenyewe, ikiwa kiangazi.

Hatua chache chini ya daraja kulikuwa na shimo lililochimbwa mchangani, kina cha mkono mzima, maji yamejikusanya chini kiasi cha kata mbili tatu. Nikavua kiatu. Nilitaka tu kugusa, nimwambie binti yangu nimeingia.

"We baba, toa mguu!" Mama mmoja alikuwa anakuja na ndoo kichwani, mbiombio. "Hayo tunakunywa!"