Maswali ya wasomaji: mgeni ametaharuki, ripoti iandikweje?

SWALI: Nafanya kazi mapokezi katika hoteli ya ufuoni. Mgeni akipatwa na jambo lolote, sharti nijaze kitabu cha OB, yaani cha kuandikia matukio, kwa Kiingereza. Msimamizi hunirudishia ukurasa akisema nachanganya "upset", "alarmed" na "panicked". Nitayatenganishaje?
– Mpokea wageni, Bamburi

JIBU: Usianze na ukubwa wa hisia, anza na chanzo chake. "Upset" hutazama nyuma: jambo limeshatokea na limemkera au kumhuzunisha mtu. "Alarmed" hutazama mbele: ameona dalili ya hatari, ameshtuka, ila akili bado anayo. "Panicked" ni pale akili ilipomruka, akawa anatenda bila kufikiri. Mgeni aliyeibiwa simu ufuoni ni "upset". Aliyenusa moshi koridoni ni "alarmed". Aliyenusa moshi huohuo akakimbilia lifti badala ya ngazi, huyo "panicked".

Linalosumbua zaidi ni "upset", kwani halisemi kama mtu kaudhika au kahuzunika. Aliyezidishiwa bili na aliyepigiwa simu ya msiba wote huitwa hivyo. Basi usiliache peke yake, lifuatishe sababu. Ukimtaja mtu aliyemkera tumia "with": "upset with the waiter". Ukitaja jambo tumia "about": "upset about the bill". "Alarmed" hufuatwa na "by" au "at". Na Mwingereza akikwambia kwa sauti ya upole kwamba yeye ni "a bit upset", usidanganyike na hilo "a bit". Mwite meneja.

Sarufi nayo huharibu kurasa nyingi. "The guest was panic" si sentensi, maana "panic" hapo halifanyi kazi ya kivumishi. Andika "The guest panicked", bila "was", au "The guest was in a panic". "Upset" halibadiliki katika wakati uliopita, hakuna "upsetted". Halafu chunga mwisho wa neno: "The guest was upset" ni mgeni aliyeudhika, "The guest was upsetting" ni mgeni aliyewaudhi wenzake. Mlalamikaji kageuka mshtakiwa hivihivi.

Kuna maneno mawili ya kukaa nayo mbali. La kwanza ni "in shock", ambalo wengi hapa Mombasa huliandika kwa mtu aliyeshtuka tu. Kwa daktari hiyo ni hali ya damu kutofika vya kutosha kwenye viungo, nayo huua. Wahudumu wa ambulensi wakisoma hivyo watajitayarisha kwa jambo jingine kabisa. Tumia "shaken". La pili ni "hysterical", lenye asili ya neno la Kigiriki la tumbo la uzazi. Limebeba dharau kwa wanawake, na mgeni akiliona kwenye ripoti yake ana haki ya kukasirika.

Kwa kweli, ripoti iliyo bora haitaji hisia sana. Andika ulichokiona: "She was crying and could not give her room number." Watu wa bima wakija kuuliza baadaye, sentensi kama hiyo inajitosheleza.

SWALI: Mbona "panicked" lina "k" ilhali "panic" halina?
– Mwanafunzi, Likoni

JIBU: Kwa kawaida "c" ikifuatwa na "e" au "i" husomwa kama "s". "K" huwekwa ili sauti ibaki ngumu, kama katika "picnicked" na "mimicking". Kabla ya "s" haihitajiki: "panics".

SWALI: Kwenye redio ya boti nimesikia mtu akiita "pan-pan". Ndiyo "panic" iliyofupishwa?
– Baharia, Mtongwe

JIBU: Sivyo. "Panic" linatokana na Pan, mungu wa Wagiriki wa kale aliyedhaniwa kuwatia watu hofu ya ghafla. "Pan-pan" limetoka kwenye neno la Kifaransa "panne", yaani hitilafu. Huitwa mara tatu mfululizo, kwenye VHF chaneli 16, pale jambo ni la haraka lakini chombo na watu hawajafikia hatari ya kuangamia: injini imezima, bahari shwari, unahitaji kuvutwa.

Moto ukiwaka, au maji yakiingia kuliko pampu inavyoyatoa, hapo ni "Mayday", nayo mara tatu. Kiingereza cha baharini hakichanganyi hali hizi: "distress" ni ya "Mayday" peke yake, na "pan-pan" ni "urgency". Kwa hiyo ukiwa na wasiwasi tu usitangaze kwamba uko "in distress". Baada ya wito taja jina la chombo, mahali kilipo, tatizo, msaada unaotaka na idadi ya watu waliomo, kisha achia kitufe usikilize. Ukiendelea kukibonyeza, hakuna atakayeweza kukujibu.