Uza ubovu, usiufiche

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama ni haki kumuuzia mtu kifaa cha nyumbani kilichoharibika. Nasema ni haki, tena bila kuona haya, mradi huo ubovu ndio unaoutangaza.

Anayenunua friji bovu mara nyingi ni fundi, na shida yake si friji. Anataka kompresa (pampu inayosukuma gesi), feni, thamostati, hata mpira wa mlango. Mashine ya kufulia iliyoungua bodi ya umeme bado ina mota, pampu ya kutolea maji na pipa zima. Toleo likishakuwa la zamani na spea zake zimeadimika, mkweche wako ndio duka.

Ninachogombana nacho ni maneno ya wauzaji. "Tatizo dogo tu, ni fyuzi." Kama ni fyuzi, mbona hukuibadilisha? Fundi akisikia hivyo anashusha bei, maana anajikinga na ubovu asioujua. Mwambie dalili, utabibu mwachie mwenyewe: taa ya ndani inawaka, kompresa inanguruma kidogo, inabofya, kisha inakata. Hapo ataanza kushuku rilei, yaani swichi ya kuiwasha kompresa, au kompresa iliyokwama. Ukisema inazunguka muda wote lakini haipozi, atafikiria gesi iliyovuja. Hizo ni bei mbili tofauti kabisa. Piga picha ya kibandiko chenye namba ya modeli, na useme wazi kama kuna mtu alishakifungua kifaa. Kilichopita mikononi mwa mafundi watatu huwa kimeshapungua viungo, na mnunuzi ataligundua hilo mara tu akifungua skrubu.

Wewe mwenyewe usifungue maikrowevu ili upige picha za ndani. Kapasita yake inaweza kubaki na chaji ya volti 2,000 na zaidi hata baada ya kuchomoa plagi, na mshtuko wake unaua. Friji nalo usilikate bomba ili uuze shaba peke yake. Mafriji mengi ya sasa yana gesi ya R-600a, ambayo inashika moto. Ya zamani sana yana R-12, mojawapo ya gesi zinazoharibu tabaka la ozoni ambazo Itifaki ya Montreal ya 1987 ilikusudia kuziondoa. Gesi hizo hunyonywa kwa mashine na mtu aliyefunzwa.

Wapo watakaoniambia ni uungwana zaidi kugawa bure. Kwa redio iliyokufa, sawa. Lakini kumpa jirani pasi inayopiga shoti, huku ukijua ataichomeka jioni ileile, ukarimu huo siuelewi. Kifaa cha namna hiyo nakiuza kama chuma chakavu, na waya wake naukata kwanza.

Runinga ya intaneti ifutie akaunti zako zote kabla haijatoka; ikiwa kioo kimekufa na huwezi kufuta kitu, badilisha nywila.

Na friji linalongoja mnunuzi uani ling'olewe mlango, bawaba uziweke ndani ya mfuko na kuufunga kwenye rafu. Watoto hujificha humo wakakosa hewa. Marekani ilitunga sheria mwaka 1956 kwamba mlango wa friji lazima uweze kufunguliwa kutoka ndani, lakini mimi nisingeuachia mlango wowote kazi hiyo. Fundi ataurudisha kwa bisibisi yake.