Jibu: Paa linavuja ukutani kabla ya mvua za vuli

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini maji yanashuka ukutani huko Mukono, Uganda, ilhali mabati hayana tundu, nawe unataka kurekebisha kabla ya mvua za Septemba. Kagua kwanza mfereji wa paa, kwa maana ukizibwa na majani maji hufurika na kurudi ukutani. Uzoe majani, umwage ndoo ya maji, utazame yanakotokea. Kisha kagua misumari. Mimi niligongelea ile ya zamani, nyumba ikavuja tena mvua ya kwanza, kwa sababu mipira yake, ile ya chini ya kichwa cha msumari inayozuia maji, ilikuwa imekauka na kupasuka kwa jua. Weka misumari mipya yenye mpira, na tafadhali panda asubuhi, mabati yakiwa bado hayajapata moto lakini umande umekwisha kukauka.